Wengine Wako Wapi? Kisa cha kikundi cha usomaji Eastlands

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika maktaba moja ya mtaa upande wa Eastlands, Nairobi. Mwezeshaji wa vikao nilikuwa mimi. Majina yote nimeyaondoa, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mtu, kama umri na kazi, nimeyabadilisha. Msomaji ambaye maneno yake ndiyo kiini cha kisa aliisoma rasimu akaikubali. Nawaandikia hasa wanaoendesha vikundi vya usomaji na walimu wa fasihi, wale ambao siku moja watajikuta na kundi la watu wanaotaka kuzungumzia riwaya za kisayansi kwa Kiswahili ilhali vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza.

Usuli

Tulikutana kila Jumamosi saa nane mchana, kwa wiki nane. Walijiandikisha watu 17: wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, vijana wawili wa chuo, mwendesha bodaboda, fundi cherehani wa kike, mama mwenye kibanda cha mboga, na mwalimu mstaafu wa historia ambaye sote tulimwita Mzee. Vitabu nilivitafuta kwa wauza mitumba ya vitabu katikati ya jiji, wale wanaotandaza turubai kando ya barabara na kuvipanga migongo ikiangalia juu. Hakuna kitabu nilichokipata zaidi ya nakala nne. Kwa hiyo walioweza Kiingereza walisoma kitabu kizima kwa kupokezana, na wengine walisoma muhtasari wangu pamoja na dondoo za kurasa nne au tano nilizozitafsiri. Mjadala wote ulikuwa wa Kiswahili.

Mambo mawili ya maandalizi ndiyo yaliyozaa mengine yote. La kwanza ni bango. Kijana mmoja wa chuo alilichora kwa moyo: kichwa cha kijani, macho meusi makubwa kama sahani, na chini yake RIWAYA ZA ANGA. Nikalibandika mlangoni siku hiyo hiyo. La pili ni kitabu cha kufungulia. Nilichagua Foundation ya Isaac Asimov, kwa sababu ndicho kilichoniingiza mimi katika fasihi hii nikiwa kidato cha pili, na nilitaka wengine waingilie mlango huo huo.

Yaliyotokea

*Wiki mbili za kwanza.* Hadithi za Foundation zilianza kutoka katika jarida la Marekani mwaka 1942, zikakusanywa kuwa kitabu mwaka 1951. Ndani yake mna himaya iliyoenea galaksi nzima, mamilioni ya sayari zinazokaliwa, na kila mkazi wa kila sayari ni binadamu. Hakuna mwenye mikono sita, hakuna mwenye ngozi ya kijani. Wiki ya pili walikuja watu 9. Katikati ya kikao yule mwendesha bodaboda, aliyekuwa amekaa kimya na helmeti yake magotini, aliinua mkono. "Mwalimu, sayari zote hizi, na hawajapiga hodi kwa mtu hata mara moja? Wengine wako wapi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko lolote nililokuwa nimeliandaa. Mwanafizikia Enrico Fermi aliwauliza wenzake swali hilo hilo wakila chakula cha mchana huko Los Alamos mwaka 1950, na wanasayansi wanalihangaikia hadi leo. Mimi nilimjibu kwamba riwaya ya kisayansi hailazimiki kuwa na viumbe wa sayari nyingine. Nikamtajia Mary Shelley na Frankenstein yake ya 1818, iliyo na maiti, umeme wa maarifa na majuto ya mwanasayansi, lakini haina mgeni yeyote kutoka juu. Nikamtajia Jules Verne, aliyewarusha watu kuelekea mwezini mwaka 1865 bila kuwakutanisha na wenyeji. Yote hayo ni kweli. Akaniitikia kwa kichwa, kwa adabu, na hakuuliza tena siku hiyo.

*Wiki ya tatu.* Nilibadilisha ratiba. Badala ya kuendelea na Asimov nikaleta The War of the Worlds ya H. G. Wells, nikatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp kwamba wiki hii viumbe wapo. Walikuja watu 14.

Kitabu cha Wells kilitoka mwaka 1898. Watu wa Mirihi wanashuka Uingereza na miale ya joto inayoteketeza watu na nyumba, na majeshi ya taifa lililokuwa na nguvu kuliko yote duniani yanakuwa kama siafu mbele ya maji ya moto. Wells hakuficha alichokuwa akikisema. Katika sura ya kwanza kabisa anawakumbusha Waingereza wenzake jinsi wenyeji wa Tasmania walivyofutwa na walowezi wa Ulaya katika muda wa miaka 50. Mzee alinyanyuka, akaomba chaki. Akaandika ubaoni 1898, na kando yake: *Reli iko Tsavo.* Mwaka ule ule wasomaji wa London wakisoma hofu ya kuvamiwa na mashine kutoka juu, simba walikuwa wakiwala wajenzi wa daraja la Tsavo, na mwaka uliofuata, 1899, reli ikafika kwenye tambarare ya maji baridi ambayo Wamaasai waliiita Enkare Nairobi. "Nyoka wa chuma," alisema Mzee, akilitaja jina la reli katika utabiri wa wazee wa zamani. "Sisi tulikuwa tumeshatabiriwa hiyo riwaya."

Kisha akaonyesha jambo ambalo mimi, niliyekisoma kitabu kile mara nne, sikuwahi kuliona. Katika Wells, wavamizi wanauawa na bakteria. Vijidudu vya nchi vinasimama upande wa wenyeji. Hapa kwetu ilikuwa kinyume. Miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imekwisha kufyeka ng'ombe, na ndui ikafuata kwa watu. Wamaasai wanaukumbuka wakati huo kwa jina la Emutai. Nyoka wa chuma alipofika, alikuta watu wamekwisha kudhoofika. Nikawaeleza kwamba Ray Bradbury, mwaka 1950, aliugeuza mchezo vivyo hivyo: katika hadithi zake za Mirihi, wenyeji wa sayari hiyo wanaangamizwa na tetekuwanga iliyoletwa na binadamu. Mama wa kibanda akasema, "Huyo alijua." Sijasikia uhakiki mfupi kuliko huo ukasema mengi hivyo.

*Wiki ya nne.* Kwa furaha ya wiki iliyopita nilitengeneza karatasi mpya, na juu yake nikaweka kichwa: WAGENI. Ubaoni nikaandika neno la Kiingereza, "alien", nikalieleza kwamba kwa Kiswahili nimelitafsiri hivyo. Nililipenda neno mgeni. Lina ukarimu ndani yake, lina na wasiwasi wa siku ya tatu, ya jembe. Fundi cherehani aliitazama karatasi, akautazama ubao, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hilo neno ndilo liko kwa kadi ya mamangu."

Kwa msomaji asiye wa hapa: nchini Kenya wakimbizi na raia wa nchi nyingine wamebeba kwa miaka mingi kadi ambayo mtaani inaitwa "alien card" mpaka leo, hata baada ya sheria kuipa majina mengine. Mama yake anaibeba. Anaionyesha kwa askari na kwenye foleni za ofisi. Chumba kilinyamaza. Niliweza kusikia matatu zikipiga honi stejini.

Niliweka karatasi kando nikawaambia kwamba leo tutazungumza juu ya neno lenyewe. Tukalizungumza kwa saa nzima na nusu. Mgeni, kiumbe, zimwi, jini, mtu wa mbali. Walikubaliana kwamba hakuna neno moja, na kwamba kila kitabu kipewe neno lake kulingana na jinsi mwandishi anavyomtazama huyo mwingine: wa Wells ni wavamizi, wa Bradbury ni wenyeji.

*Wiki ya tano.* Fundi hakuja. Tulisoma Solaris ya Stanisław Lem, Mpolandi, ya mwaka 1961. Hapa mwingine ni bahari moja inayofunika karibu sayari yote, na inafikiri. Wanasayansi wameichunguza vizazi kadhaa bila kuelewana nayo hata neno moja. Bahari inachimba kumbukumbu za watu walio katika kituo chao cha utafiti na kuwaletea wapendwa wao waliokufa.

Mwanafunzi wa kidato cha nne alisoma dondoo kwa sauti, akafika mahali nilipoandika "bahari anafikiri", akasimama. "Hapa pana kosa. Bahari iko ngeli ya I-ZI. Bahari inafikiri. Ukiandika 'anafikiri' kwenye mtihani, umekosa." Sikuwa nimefanya makusudi, nilikuwa nimechoka nilipotafsiri. Lakini kijana mwingine akamkumbusha kwamba kiumbe kina sura ya KI-VI na bado tunasema kiumbe huyu amekuja, kama kifaru, kama kipofu. Chenye uhai na fahamu huenda A-WA, sura yake iwe vyovyote. Sasa bahari yenye fahamu je? Mama wa kibanda akasema katika hadithi za bibi yake jiwe likisema bado ni jiwe likasema. Mzee akajibu kwamba bibi yake yeye alisema Mzee Jiwe akasema. Waliandika sentensi zote mbili ubaoni, moja chini ya nyingine, na wakapiga kura. Zikaenda sawa.

Nadhani hapo ndipo Lem alipoeleweka. Swali lake zima, kama kitu hiki ni *nani* au ni *nini*, Kiswahili hakikuruhusu ulikwepe. Kila kitenzi kinakudai uamue.

*Wiki ya sita.* Tulirudi kwa Asimov. Fundi alikuja, akaketi karibu na mlango. Safari hii sikuleta dondoo ya riwaya. Nilileta historia yake.

Mhariri wa jarida lililochapisha hadithi zile, Astounding, alikuwa John W. Campbell, aliyeshika kazi hiyo mwishoni mwa 1937 na kuwalea waandishi wengi wa kizazi chake. Asimov alizaliwa Urusi mwaka 1920 katika familia ya Kiyahudi, akafikishwa Marekani akiwa na miaka mitatu, akakua akisaidia kwenye duka la peremende la baba yake huko Brooklyn. Mwaka 1940 alichapisha kwa Campbell hadithi yenye viumbe wa nyota nyingine, Homo Sol. Baadaye sana alieleza kwa maandishi kilichomsumbua: Campbell alitaka binadamu awashinde viumbe wengine daima, na nyuma ya imani hiyo Asimov aliiona imani nyingine, kwamba watu wa kaskazini-magharibi mwa Ulaya ni bora kuliko binadamu wenzao. Hakutaka kuiandika. Wala hakutaka kugombana na mhariri aliyemthamini. Akajenga galaksi ya binadamu peke yao, na ugomvi ukakosa pa kuanzia.

Fundi alikuwa wa kwanza kusema. "Kwa hivyo aliwatoa ili wasionewe."

Mwendesha bodaboda akatikisa kichwa. "Ukimtoa mtu kwenye hadithi ili asitukanwe, bado umemtoa."

Walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga madirisha.

*Wiki mbili za mwisho.* Ya saba ilipita upesi: Rendezvous with Rama ya Arthur C. Clarke, 1973, ambamo binadamu wanaingia ndani ya chombo kikubwa mno kilichotoka nje ya mfumo wa jua letu na hawaoni hata kivuli cha waliokijenga. Ya nane tulisoma Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, ya Kiswahili, ya Mkenya aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani, na badala ya kufa anafika ulimwengu wenye haki ambao jina lake ukilitamka polepole unasikia: wale ni sisi.

Maamuzi na sababu zake

Kuleta Wells wiki ya tatu ulikuwa uamuzi wa hofu. Niliona viti vitupu nikataka vijae. Ulizaa kikao bora cha msimu, lakini hilo ni kwa sababu ya Mzee, ambaye sikumwomba wala kumpanga.

Kuweka karatasi kando wiki ya nne niliuamua kwa sekunde chache. Sababu yangu ilikuwa kwamba kuendelea na ratiba baada ya maneno yale kungekuwa kumwambia kwamba hayakuwa na uzito. Bado naamini hivyo. Namna nilivyoufanya ndiyo niliyokosea, na nitalieleza hapa chini.

Kurudi kwa Asimov ulikuwa uamuzi niliouwaza kwa wiki mbili. Swali la bodaboda lilikuwa halijajibiwa, na yeye alikuwa ameendelea kuja. Alikuwa ananidai jibu.

Matokeo

Watu 12 walimaliza. Watano waliacha njiani. Maktaba sasa ina rafu ya riwaya za kisayansi yenye karatasi za dondoo za Kiswahili zilizounganishwa kwa stepla ndani ya kila kitabu, na nakala pekee ya Walenisi ina orodha ya wanaoisubiri. Bango tumelibandua, aliyelichora alitaka mwenyewe kulifanya upya.

Wiki moja baada ya msimu kwisha fundi alinitafuta. Alisema vikao vilimpendeza na atajiandikisha tena. Kisha akasema, "Lakini wiki ile sikuwa nimekuja kuwa mfano."

Uchambuzi: kilichokwama

Niliulizwa sababu, nikajibu kwa kanuni. Mtu akiuliza wengine wako wapi, ameshakubali kuingia ndani ya kitabu na ameona pengo kwa macho yake. Kumwambia kwamba pengo linaruhusiwa ni kumrudisha nje. Kisa cha Shelley na Verne hakikuhusu hata kidogo, maana vitabu vyao havifungui nafasi ya namna hiyo. Hakuna anayesoma Frankenstein akawatafuta watu wa Mirihi. Vivyo hivyo Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009: haina kiumbe wa angani, na mtazamaji hamkosi, kwa sababu ukame na vita vya maji vimejaza kila pembe ya dunia ile. Asimov ndiye aliyefungua galaksi nzima kisha akaiacha bila jirani. Kutokuwepo huko kunasikika kwa sababu nyumba ni kubwa. Ningelijua hilo wiki ya pili, ningelimwambia mwendesha bodaboda kwamba amegusa mahali hasa, nikampa Fermi, nikampa Campbell, na huenda baadhi ya wale watano wangalibaki.

Bango liliahidi kitu ambacho kitabu cha kwanza hakikuwa nacho. Waliokuja kwa ajili ya kichwa cha kijani hawakukosea.

La wiki ya nne ndilo linaloniuma. Msomaji alisema jambo la nyumbani kwao, na mimi nikaligeuza kuwa somo papo hapo mbele ya watu 13, bila kumwuliza. Kwamba somo lilikuwa zuri hakupunguzi kitu. Sasa nina utaratibu: jambo la namna hiyo likitokea, natangaza mapumziko ya dakika kumi, chai inamiminwa, na namwuliza mhusika kando kama angependa liendelee, liachwe, au liendelee bila kumtaja yeye. Pia nimeacha kupeleka tafsiri ya neno zito kikaoni kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Naandika mapendekezo mawili au matatu, na kikundi kinachagua.

Uchambuzi: kilichofaa

Kusoma vitabu vyenye viumbe na visivyo na viumbe kwa zamu kulifanya kila kimoja kimulike kingine. Peke yake, Foundation ilikuwa himaya tu. Baada ya Wells ilikuwa uamuzi wa mtu fulani, mwenye umri fulani, mbele ya mhariri fulani. Swali la *kwa nini hayupo* lilifundisha zaidi ya swali la *je, lazima awepo*.

Lugha nayo ilifanya kazi ambayo mwezeshaji hawezi kuipanga. Mabishano ya ngeli yalimfikisha mwanafunzi wa kidato cha nne mahali ambapo muhtasari wangu wa kurasa tatu ulishindwa. Msimu ujao sitasahihisha dondoo kabla ya kikao pale ambapo ngeli yenyewe ni swali.

Kuhusu ubishi wa wiki ya sita, nina upande. Naona fundi alimwelewa Asimov mtu, na mwendesha bodaboda akakielewa kitabu. Kijana yule wa Brooklyn alifanya alichoweza mahali alipokuwa, na sina ujasiri wa kumlaumu. Hata hivyo kizazi kizima cha wasomaji kilikua na galaksi isiyo na jirani, na wengi wao hawakujua kwamba jirani aliondolewa. Campbell alifariki mwaka 1971. Mwaka 1972 Asimov alitoa The Gods Themselves, ambayo sehemu yake ya pili inasimuliwa kutoka ndani ya ulimwengu wa viumbe laini wenye jinsia tatu, wasiofanana na binadamu kwa lolote. Nimeshapata nakala mbili. Mwendesha bodaboda amechukua moja, fundi nyingine, na wamekubaliana kwamba watakaofungua kikao cha kwanza ni wao wawili.